Hulka na Uwazaji Kina kwa Anayejifunza Kiingereza

Katika madarasa mengi ya Nairobi, mwanafunzi anayenyoosha mkono kila swali huhesabiwa kuwa mwenye fikra nzito, na aliyenyamaza kuwa hajaelewa. Mara nyingi kilichopimwa hapo ni uchangamfu tu.

Hulka ni namna ya kuhisi, kuwaza na kutenda ambayo mtu huwa nayo karibu kila mahali. Wanasaikolojia wengi huigawa katika pande 5: kupenda mambo mapya, bidii na utaratibu, uchangamfu, upole kwa wenzake, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Kila mtu anazo zote, ila kwa viwango tofauti.

Uwazaji kina, yaani kuipima hoja kwa makini kabla ya kuikubali, ambao mtaala wa umilisi nchini Kenya unauweka miongoni mwa umilisi 7 wa msingi, ni jambo jingine. Mwaka 1990 jopo la wataalamu 46 lililoongozwa na Peter Facione wa Marekani lilitaja stadi zake 6: kufasiri, kuchanganua, kutathmini, kufikia hitimisho, kueleza na kujikagua. Jopo hilo lilitenganisha pia uwezo na mwelekeo, maana mtu anaweza kujua kukagua hoja na asijisumbue kuikagua. Hulka huingilia zaidi kwenye mwelekeo. Anayependa mambo mapya huuliza “na kama si hivyo?” bila kusukumwa, mpole kupita kiasi huona uasi ndani ya kumpinga mwalimu.

Chukua hoja hii: “Agosti nauli ya Rongai ilipanda, na msongamano wa Barabara ya Lang'ata ukapungua. Kwa hivyo nauli ikipanda, msongamano hupungua.” Mwanafunzi anayejibu kwamba Agosti shule huwa zimefungwa ametathmini vizuri. Mpe hoja hiyohiyo kwa Kiingereza, na huenda akakwama kwenye neno la msongamano kabla hajaifikia hoja yenyewe. Wasiwasi nao humaliza nafasi ya akili inayohitajika kufikiri. Wasiwasi wa lugha ya kigeni una kipimo chake, kilichotolewa na Elaine Horwitz na wenzake mwaka 1986 chenye kauli 33, na si lazima ufanane na wasiwasi wa kihulka: kijana mtulivu kabisa uwanjani anaweza kutetemeka akiambiwa asome kwa sauti.

Kwa hiyo anza na hoja kwa Kiswahili, hata kwa Sheng ikibidi. Wape wanafunzi dakika 3 za kuandika kimya, wajadiliane wawili wawili, ndipo waieleze kwa Kiingereza. Usisahihishe sarufi mtu akiwa katikati ya hoja. Ataikatiza na kurudi kwenye sentensi fupi asizoweza kukosea. Sahihisha baadaye, kwa maandishi.

Alama pia zitenganishwe, tuseme 5 za hoja na 5 za lugha. Zikichanganywa, 4 kati ya 10 haionyeshi pengo liko wapi.

Hojaji za hulka zitumike kwa tahadhari. Zikiwa kwa Kiingereza kigumu, wengi hukubali kila kauli kwa sababu hawakuielewa. Na hata majibu yakiwa safi, uhusiano kati ya hulka na uwazaji kina hauonyeshi kipi kimezaa kipi, wala haumpi mwalimu ruhusa ya kuwagawa watoto kwa makundi ya “wenye kufikiri” na “wenye kukariri”.