Una uhakika unakumbuka? Hapo ndipo pa kuangalia

Kila tukikaa na watu kuongelea kumbukumbu swali linalokuja ni lile lile, "mbona nasahau sana siku hizi?" na sawa, kusahau kunakera. Ila kwa upande wangu mimi kama mtu wa saikolojia kusahau hakunitishi sana, maana aliyesahau anajua amesahau, atauliza, ataangalia alipoandika. Kinachonitisha ni kukumbuka vibaya huku umekaza shingo kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kabla hatujafika mbali soma haya maneno polepole mara moja tu, usirudie: kitanda, pumzika, uchovu, ndoto, amka, blanketi, sinzia, koroma, usiku, godoro, mwayo, shuka. Haya yaache hapo, tutakuja kuulizana.

Utafiti wa haya mambo ni wa zamani kuliko watu wanavyodhani. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, mwaka 1885 alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe, yaani mtafiti ni yeye na mtafitiwa ni yeye. Alikuwa anakariri silabi zisizo na maana yoyote, makusudi kabisa, ili asisaidiwe na kitu anachokijua tayari, alafu baada ya muda anazikariri upya na kupima ameokoa juhudi kiasi gani ukilinganisha na mara ya kwanza. Baada ya dakika kama 20 alikuwa anaokoa asilimia 58 hivi, baada ya saa moja 44, baada ya siku moja 34, na baada ya mwezi mzima bado 21. Ziangalie hizo namba vizuri, sehemu kubwa inapotea ndani ya saa la kwanza, kisha upotevu unapungua mwendo, kile kilichobaki siku ya pili kina nafasi nzuri ya kubaki muda mrefu.

Kuhusu ile kumbukumbu ya papo kwa papo, ile unayoitumia ukisomewa namba ukaenda kuiandika, George Miller mwaka 1956 aliandika kwamba uwezo wake ni kama vitu 7, ukizidisha au kupunguza viwili. Baadae Nelson Cowan akasema hapana, ukiwazuia watu wasiviunganishe vitu kwenye mafungu ni kama 4 tu. Kwahiyo ukisahau namba ya uthibitisho kabla hujaiandika kwenye simu usijilaumu.

Sasa kuna mtu mmoja ambaye bila yeye tungekuwa tunajua kidogo sana. Henry Molaison, Mmarekani, alikuwa na kifafa kikali mno, na mwaka 1953 akiwa na miaka 27 daktari wa upasuaji William Scoville akamtoa sehemu za ndani za ubongo pande zote mbili, ikiwemo sehemu kubwa ya hipokampasi (sehemu ya ubongo inayosaidia kushika matukio mapya). Kifafa kilipungua lakini kikatokea kitu ambacho hakuna aliyekitegemea, hakuweza tena kushika tukio lolote jipya. Unaongea nae vizuri tu, ana akili zake, ana adabu, ukitoka chumbani kidogo ukarudi anakusalimia kama hajawahi kukuona. Mwanasaikolojia Brenda Milner akampa kazi ya kufuatisha mistari ya nyota kwa penseli huku mkono wake anauona kwenye kioo tu, na ukijaribu utaona ilivyo ngumu, mkono unakwenda kinyume kabisa na unavyotaka. Akairudia siku tatu. Kila siku makosa yanapungua na siku ya tatu anachora vizuri kabisa, ila ukimuuliza anakwambia hii kazi hajawahi kuiona! Mkono umejifunza mwenyewe hana habari. Ndio tukajua kwamba kumbukumbu sio ghala moja, ya matukio ina njia yake na ya ufundi wa mikono ina njia yake. Jina lake lilifichwa miaka yote, watafiti walikuwa wanaandika H.M. tu mpaka alipofariki mwaka 2008.

Haya turudi kwenye uhakika. Bila kupandisha macho juu, kwenye yale maneno "ndoto" lilikuwepo? "Meza" je? Na "usingizi"?

Ndoto lilikuwepo, meza hamna. Usingizi pia halikuwepo, rudi ukahakikishe. Wengi hapa wanaapa kwamba wameliona, na jaribio la namna hii lilianzishwa na James Deese mwaka 1959, kisha Henry Roediger na Kathleen McDermott wakalifufua mwaka 1995 na kukuta watu wanalitambua neno ambalo halikusomwa kwa kiwango kinachokaribiana na yale yaliyosomwa kweli, tena sio kwa kubahatisha, wengine wanasema wanakumbuka kabisa wakati linasomwa. Ubongo ulishika ile maana ya jumla, na ulipoulizwa ukajaza pengo wenyewe bila kukuomba ruhusa.

Hiyo ndiyo kazi yake siku zote. Wengi tunadhani kichwani kuna video imehifadhiwa na kukumbuka ni kubonyeza icheze, kumbe kila ukikumbuka unaijenga upya, unachukua vipande vya kweli, unachanganya na unavyojua dunia ilivyo, na ulichoambiwa na watu baadae.

Elizabeth Loftus na John Palmer walilionyesha hili mwaka 1974 kwa kuwaonyesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari kisha kuwauliza yalikuwa na mwendo gani. Tofauti ni neno moja tu kwenye swali, wengine waliulizwa yalipo"bamizana", wengine yalipo"gusana". Wa kubamizana walikisia wastani wa maili 40.5 kwa saa (kama kilomita 65), wa kugusana 31.8. Unaweza kusema hao wamekisia tu. Sawa, ila kwenye jaribio la pili waliwaita watu tena baada ya wiki wakawauliza kama waliona vioo vilivyovunjika. Kwenye filamu hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Walioulizwa kwa neno la kubamizana, 16 kati ya 50 walisema waliviona, walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana ni 7 kati ya 50. Fikiria sasa polisi anayemhoji shahidi, au mzazi anayemhoji mtoto kwa maswali ambayo jibu limeshakaa ndani yake. Muulize "ilikuwaje?" unyamaze, usimuulize "alikupiga, si ndio?"

Na msinijibu kwamba matukio makubwa hayasahauliki. Asubuhi baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka Januari 1986, Ulric Neisser aliwapa wanafunzi wa chuo karatasi waandike walikuwa wapi na walipataje habari. Baada ya kama miaka miwili na nusu yeye na Nicole Harsch wakawauliza tena. Kati ya 44, watu 11 walikosea kila kipengele, na walioeleza kwa kujiamini hawakuwa lazima ndio waliopatia. Wapo walioonyeshwa mwandiko wao wenyewe na bado wakashikilia toleo jipya. Kwahiyo ukishuhudia jambo la maana andika siku hiyo hiyo, kabla hujakaa na wenzako kulijadili, maana mkishajadili hutajua tena kipi uliona wewe na kipi alisema jirani.

Lakini huku kujenga upya kuna faida yake, na hapa wanafunzi wanisikilize. Kila ukikitafuta kitu kichwani bila kuangalia, njia ya kukifikia inaimarika. Roediger na Jeffrey Karpicke mwaka 2006 waliwapa wanafunzi habari fupi, kundi moja likaisoma vipindi vinne, jingine likaisoma kipindi kimoja kisha mara tatu likaandika linachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika 5 waliosoma tu waliongoza, 83 kwa 71 kwa asilimia, na ndio maana kukesha kabla ya mtihani kunaonekana kunalipa. Baada ya wiki mambo yakageuka, waliojipima walikumbuka asilimia 61 na waliosoma tu 40. Na pale mwanzoni kila mmoja alikuwa ameulizwa anadhani atakumbuka kiasi gani baada ya wiki, waliojiamini zaidi ni wale waliorudia rudia kusoma.