Kiwango si ngazi: maana ya kuasili kiwango cha BIM

"Uingereza ililazimisha BIM kiwango cha 2, nasi tupitishe kiwango hichohicho." Maneno ya namna hii husikika sana siku hizi wahandisi na wasanifu majengo wanapokutana. Ndani yake mna mambo matatu tofauti yaliyochanganywa: ngazi, amri na hati.

Maana yenyewe ni fupi. BIM (Building Information Modelling) ni utaratibu wa kutengeneza, kuhakiki, kubadilishana na kutunza taarifa za jengo kidijitali, tangu mshitiri anapotaja mahitaji yake hadi jengo linapotumika. Programu ya kuchora modeli ya 3D ni chombo kimojawapo tu. Kiwango cha kitaifa cha BIM ni hati ya shirika la viwango la nchi inayoeleza utaratibu huo ufuatwe vipi, na siku hizi msingi wake huwa ISO 19650, mfululizo wa viwango vya kimataifa.

Linalotatiza ni neno "kiwango". Asili yake ni kitenzi cha zamani, kuwanga, yaani kuhesabu. Ndiyo maana twasema kiwango cha maji, kiwango cha joto, kiwango cha elimu: mahali ambapo kitu kimefikia. Baadaye neno hilohilo likapewa kazi ya pili, kuitaja hati ya masharti kama zile zinazotolewa na Shirika la Viwango Tanzania. Kwa maana ya kwanza, kiwango hupandwa. Kwa maana ya pili, hufuatwa. Ukizichanganya, utadhani nchi ikishapiga muhuri hati fulani, ujenzi wake umepanda daraja.

Ile "2" ya Uingereza ilikuwa ngazi. Ilitoka kwenye mchoro wa wataalamu wa BIM wa Uingereza, Mark Bew na Mervyn Richards, wa mwaka 2008, uliopanga ukomavu wa BIM kuanzia ngazi ya 0 hadi ya 3. Katika ngazi ya 2 kila taaluma ina modeli yake, kisha modeli hizo huunganishwa na kukaguliwa pamoja. Mwaka 2011 serikali ilitangaza kwamba miradi ya serikali kuu ifikie hapo ifikapo 2016. Hiyo ilikuwa amri ya mteja mkubwa kuhusu miradi yake mwenyewe. Viwango, yaani hati za shirika la viwango la Uingereza, vilikuwa kitu kingine: BS 1192 ya 2007 na PAS 1192-2 ya 2013, ambavyo nafasi yake ilichukuliwa na ISO 19650-1 na ISO 19650-2, zote za 2018. Hapo pia kuna "2", nayo haina uhusiano na ngazi: ni sehemu ya pili ya mfululizo, inayohusu kipindi cha usanifu na ujenzi. Sehemu ya 3 inahusu uendeshaji wa jengo, wala si hatua ya juu zaidi.

Sasa "kupitisha". Bunge hupitisha sheria, na ndipo watu hudhani kiwango kikipitishwa kimekuwa sheria. Kuasili ni neno linalofaa zaidi, lilelile la kumwasili mtoto: damu haibadiliki, ila anapata jina la nyumba. Matini ya ISO hubaki ilivyo, kisha Tanzania huweka TZS mbele na Kenya huweka KS. Nchi ikibadilisha masharti ya kiufundi, lazima ionyeshe wapi na kwa nini. Baada ya hapo kiwango hubaki cha hiari hadi sheria, kanuni au mkataba ukitaje.

Kazi nzito iko kwenye kiambatisho cha kitaifa, yaani kurasa ambazo nchi huziongeza kwenye kiwango, na hapo ndipo mambo huharibika. Sehemu ya 2 ya ISO 19650 inataka kila faili liwe na kitambulisho cha pekee chenye vipande vilivyotenganishwa, misimbo iliyokubaliwa, hali, toleo na uainishaji. Haisemi misimbo yenyewe ni ipi. Kiambatisho cha Uingereza kiliitaja: vipande saba vinavyotenganishwa kwa kistari, kuanzia mradi na kampuni hadi namba; S0 kwa kazi ambayo bado inatengenezwa, S1 kwa inayofaa kuoanishwa na za wengine; P kwa matoleo ya awali, C kwa yaliyoidhinishwa kimkataba. Bila orodha kama hiyo, msanifu ataandika GF, mhandisi wa miundo ataandika 00, mkandarasi ataandika "chini", na wote watakuwa wanataja sakafu ileile ya chini. Mfumo hauwezi kuchuja, mchoro wa zamani unabaki kando ya mpya, na saiti nondo zinakatwa kwa vipimo vilivyokwisha kufutwa.

Kwa hiyo, ndugu msemaji, Uingereza iliamuru ngazi ya 2 kwa miradi ya serikali, na shirika lake la viwango likatoa hati za kuifikia. Na ukitaka kujua kama nchi yako imeasili ISO 19650, usiishie kwenye namba iliyo kwenye jalada. Omba kuona kiambatisho, ufungue ukurasa wa misimbo.