Bar mitzva: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Sherehe ndiyo humfanya mtoto bar mitzva.

Umri ndio humfanya. Bar mitzva ni mtoto wa Kiyahudi aliyefikia umri wa kuwajibika kidini, na maana ya jina ni "mwana wa amri". Mvulana akitimiza miaka 13, au msichana 12 kwa Wayahudi wa Kiorthodoksi, amri za Torati zinamwajibikia, hata kama siku hiyo ana homa na hakuna aliyeinjika sufuria. Msomaji Mwislamu ataelewa upesi: ni kama kuwa mukalafu, hakusubiri karamu.

Miaka huhesabiwa kwa kalenda ya Kiebrania, na hapa ndipo familia nyingi hukosea. Siku huanza jua likizama, kama wazee wa pwani wanaposema "usiku wa Ijumaa" wakikusudia Alhamisi baada ya magharibi. Aliyezaliwa mwezi wa Adari katika mwaka wa kawaida, na mwaka anaotimiza 13 ukawa na Adari mbili, husubiri ya pili. Basi muulizeni rabi kwanza, ukumbi mlipie baadaye.

Dhana: Akikariri somo lake la Torati kutoka kwenye rekodi, yuko tayari kulisoma kwa lahani sinagogini.

Gombo la Torati halina irabu wala alama za lahani. Aliyejifunza kwa sikio tu, neno moja likimtoka, hana pa kushika. Tumia tikuni, kitabu chenye safu mbili: moja ina irabu na alama, nyingine imeandikwa kama gombo. Asome aya 3 kwenye safu ya kwanza, aifunike, arudie kwenye ya pili. Ila kabla ya lahani ajue aya zinasema nini. Mtoto anayeimba asichokielewa husikika hata na wageni. Akikosea neno likabadili maana, atarekebishwa palepale na kulirudia. Si aibu, watu wazima hurekebishwa vilevile.

Dhana: Hotuba yake ni ya kushukuru shangazi na wajomba.

Shukrani zipelekeni mezani. Katika sinagogi achukue aya moja inayomsumbua, aulize swali moja, alete jibu la mfafanuzi mmoja, tuseme Rashi, kisha aseme kama limemtosheleza. Dakika 5 zinatosha.

Dhana: Karamu ni mambo ya dunia tu.

Rabi Solomon Luria wa Poland, karne ya 16, aliihesabu kuwa karamu ya amri, yaani kuiandaa ni sehemu ya ibada. Ikifanywa siku nyingine, si ile anayotimiza umri, mtoto afundishe neno la Torati. Kinachoiharibu mara nyingi ni ratiba: spika na kamera Jumamosi alasiri, Sabato haijatoka na vyombo hivyo bado haviruhusiwi. Sogezeni hadi usiku nyota zikionekana, au Jumapili. Shirika la Mazon, lililoanzishwa Marekani mwaka 1985, liliwaomba wenye sherehe watoe asilimia 3 ya gharama kwa wenye njaa. Jumla hiyo ipigeni mapema, kabla fedha hazijaisha kwenye maua.

Dhana: Kuwasha mishumaa 13 kwenye karamu ni sharti.

Ni desturi iliyokulia Marekani. Mkiiacha, hakuna kilichopungua.

Dhana: Lazima iwe Jumamosi.

Torati husomwa pia Jumatatu na Alhamisi asubuhi. Siku hizo mvulana huvaa tefilini, visanduku vyeusi vya ngozi vyenye vifungu 4 vya Torati, vinavyofungwa kwa kamba mkononi na kichwani wakati wa sala, ambazo Sabato hazivaliwi. Familia inayoitazama Jumamosi peke yake huzisahau, ilhali atazivaa kila asubuhi ya siku za kazi. Waashkenazi wengi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, huanza mazoezi mwezi 1 au 2 kabla, maana kamba huzungushwa mara 7 mkononi, na ikilegea kisanduku huteleza.