Kwa Nini Mkatekumeni Haharakishwi Kubatizwa: Ukombozi Umo Katika Maisha Yote ya Kristo

Kwaresima inapokaribia, ofisi za katekesi hupokea maombi yanayofanana: mkatekumeni fulani, yaani mtu anayeandaliwa kubatizwa, afupishiwe mafundisho, abatizwe upesi. Mara nyingi ndoa iko mlangoni, mahari imeshapokelewa na ukumbi umelipiwa. Familia zinazoomba hivyo zina nia njema, na hilo hatulitilii shaka. Kinachotusumbua ni hoja inayoambatana na maombi hayo, na siku hizi tunaisikia hata kwa viongozi wa jumuiya: Yesu alishakufa msalabani, dhambi zimelipiwa, kijana anaamini hivyo, sasa anasubirishwa nini?

Hoja hiyo inamfanya Kristo awe mtu aliyezaliwa ili afe tu, na miaka yote iliyokuwa katikati iwe ya kungoja Ijumaa Kuu. Kanisa halijapata kufundisha hivyo.

Tuanze na lisilo na ubishi. Ukombozi unatujia kwanza kabisa kwa damu ya msalaba. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, katika hati yake ya mwaka 1547 juu ya kuhesabiwa haki, ulitamka kwamba Kristo alitustahilia neema hiyo kwa mateso yake matakatifu juu ya mti. Hakuna katekista anayeruhusiwa kulipunguza hilo. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 517, inaendelea kusema kwamba fumbo hilohilo la ukombozi linafanya kazi katika maisha yote ya Kristo: katika Umwilisho, yaani kutwaa kwake mwili wa kibinadamu, ambapo alijifanya maskini ili umaskini wake ututajirishe, katika maisha yake ya siri, ambapo utii wake ulifidia uasi wetu, katika neno lake linalowatakasa wanaolisikia, katika kuponya na kutoa pepo, na katika Ufufuko wake.

Kila Dominika tunakiri jambo hilo katika Nasadiki, ungamo la imani yetu. Maneno “kwa ajili yetu sisi wanadamu, na kwa ajili ya wokovu wetu” yanatajwa pamoja na kushuka kwake kutoka mbinguni, kabla Ponsio Pilato hajatajwa. Ndiyo maana tunaagizwa kuinama tunapotamka kwamba alipata mwili akawa mwanadamu, na katika sherehe za Noeli na za Kupashwa Habari Bikira Maria, tarehe 25 Machi, tunapiga magoti. Inasikitisha kuona waamini wa miaka mingi wakipita maneno hayo wamesimama wima.

Nazareti ndiyo inayosahauliwa zaidi. Luka anasema Yesu alikuwa na umri wa miaka kama thelathini alipoanza kazi yake ya hadhara. Kabla ya hapo Injili inatuachia machache sana: kukimbilia Misri, kupotea hekaluni akiwa na miaka kumi na miwili, kisha sentensi kwamba alishuka pamoja na wazazi wake mpaka Nazareti, “naye alikuwa akiwatii”. Watu wa kijijini walimjua kama seremala. Alikula jasho lake, akasali na wenzake katika sinagogi, akaishi chini ya mamlaka ya baba na mama kama mtoto mwingine yeyote. Mtakatifu Ireneo wa Lyon, katika karne ya pili, alifundisha kwamba Kristo alipitia kila umri ili autakase kila umri: mtoto kwa watoto, kijana kwa vijana, mtu mzima kwa watu wazima. Katika karne ya nne askofu Apolinari alidai kwamba Kristo hakuwa na akili ya kibinadamu. Mtakatifu Gregori wa Nazianzo alimpinga kwa kanuni ambayo kila mwalimu wa dini anapaswa kuijua: kile ambacho Kristo hakukitwaa, hakikuponywa. Kama hakutwaa akili zetu, akili zetu bado ni gonjwa. Na kama hakuishi siku za kawaida, za kazi na za kutumwa na mama, basi sehemu kubwa ya maisha yetu imebaki nje ya ukombozi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha vivyo hivyo uliposema kwamba Mwana wa Mungu alifanya kazi kwa mikono ya kibinadamu na kupenda kwa moyo wa kibinadamu.

Utume wake wa hadhara nao si utangulizi tu wa mateso. Kule Kapernaumu alimsamehe dhambi yule aliyepooza kabla ya kumwinua, ili wajue kwamba Mwana wa Adamu anayo amri ya kusamehe dhambi duniani. Yeriko, akiwa njiani kwenda kufa, alimwambia Zakayo, “Leo wokovu umefika nyumbani humu.” Alisema leo. Nguvu ya tendo hilo haitenganiki na msalaba, lakini hakumwambia mtoza ushuru asubiri hadi Pasaka. Papa Yohane Paulo II alipopendekeza Matendo ya Mwanga, mafumbo ya utume wa hadhara wa Yesu, katika Rozari, Oktoba 2002, alitaka tuitafakari sehemu hiyohiyo, kuanzia Ubatizo wa Bwana mtoni Yordani. Ni pendekezo wala si sheria, lakini jumuiya inayoyaruka kila Alhamisi inajinyima mengi.

Sasa turudi kwa mkatekumeni. Safari yake ni ndefu kwa sababu anaingizwa katika maisha hayo yote. Dominika ya kwanza ya Kwaresima anateuliwa kwa ajili ya kubatizwa Pasaka. Dominika ya tatu, ya nne na ya tano hufanyika ibada tatu za kuwachunguza na kuwaombea wateule, na Injili zake ni mwanamke Msamaria kisimani, mtu aliyezaliwa kipofu, na kufufuliwa kwa Lazaro. Ni utume wa Yesu unaomfikia mteule huyu kwa jina lake: kiu yake, upofu wake, kifo chake. Anayefika Mkesha wa Pasaka bila kupitia hapo amenyimwa kitu.

Kuhusu taratibu, tunaomba zisomwe kwa makini. Askofu anaweza kumwondolea mteule ibada moja kati ya hizo tatu kwa sababu nzito, na hata mbili katika mazingira ya pekee kabisa. Paroko hana mamlaka hayo, katekista hana, mwenyekiti wa jumuiya hana. Ubatizo wa aliyetimiza miaka kumi na minne unapelekwa kwanza kwa Askofu wa jimbo (Sheria za Kanisa, kanuni 863). Msimamizi wa ubatizo awe ametimiza miaka kumi na sita, isipokuwa Askofu ameweka umri mwingine au paroko ameona sababu ya haki. Awe Mkatoliki aliyepata Kipaimara na Ekaristi, anayeishi imani yake, na asiwe baba au mama wa anayebatizwa (kanuni 874). Uwezo wa kuchangia sherehe hauhusiki kabisa.

Bahasha ya fedha ya kuharakisha jina haipokelewi. Kanuni 1380, kama ilivyorekebishwa na kuanza kutumika tarehe 8 Desemba 2021, inamwadhibu anayeadhimisha sakramenti kwa kuinunua au kuiuza, na inamwadhibu vilevile anayeipokea kwa njia hiyo. Adhabu zilizotajwa ni pamoja na kukatazwa sakramenti na, kwa mhudumu, kusimamishwa huduma.

Ndoa nayo haihitaji ubatizo wa haraka. Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na asiyebatizwa baada ya kizuizi cha tofauti ya dini kuondolewa na mamlaka ya jimbo (kanuni 1086), na masharti yake paroko atawaeleza. Mchumba aendelee na mafundisho kwa utulivu hata baada ya ndoa. Mgonjwa aliye katika hatari ya kufa ni suala jingine: akiwa na ufahamu fulani wa kweli kuu za imani, akionyesha nia yake kwa namna yoyote na kuahidi kuzishika amri, abatizwe palepale. Kasisi akikosekana, yeyote mwenye nia sahihi ammiminie maji kichwani huku akitamka maneno ya ubatizo, kisha amjulishe paroko ili jina liandikwe kwenye daftari la ubatizo.

Maombi mengine yote yapitie kwa paroko, kwa maandishi, kabla ya Jumatano ya Majivu.