Paa la Kukunja Likivuja Oili: Yanayosemwa Gereji na Yaliyo Kweli

Mercedes-Benz SL ya umbo la R129 ilizinduliwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwaka 1989, na ilipoacha kutengenezwa mwaka 2001 zilikuwa zimetoka zaidi ya 200,000. Ukibonyeza kitufe, turubai linanyanyuka, linajikunja na kulala chini ya kifuniko chake kwa nusu dakika hivi, wewe umekaa tu. Kazi yote inafanywa na oili. Pampu ya umeme iliyofichwa nyuma inaisukuma kwenye mipira myembamba hadi kwenye silinda, na silinda ndizo zinazofungua komeo, kuinua kifuniko na kuvuta fremu ya paa. CLK ya paa la kukunja (A208, 1998 hadi 2003) inafuata mpango huohuo.

Hata iliyo changa kabisa kati ya hizo sasa imepita miaka 20, na zinavuja. Hilo si la kushangaza. Linaloudhi ni pesa zinazopotea kwa sababu ya maneno ya watu, maana mengi humpeleka mwenye gari kununua spea isiyo na kosa lolote.

Dhana: "Hayo ni maji ya mvua, raba ya juu imechoka"

Husemwa kwanza kwa sababu tone linaanguka palepale maji nayo yanapopenda kuanguka, juu ya kioo cha mbele. R129 ina silinda mbili ndogo ndani ya fremu ya kioo hicho, moja kila upande, kazi yake kulibana paa likishafika mahali pake. Zikianza kuvuja, oili inashukia vizuia jua, na utaona doa la rangi ya chai likitanuka pole pole huku ukingo wake ukikusanya vumbi. Kwenye CLK silinda ya komeo iko katikati, juu ya kioo cha kutazamia nyuma. Nani aliona ni busara kuweka oili yenye presha juu ya vichwa vya watu, hilo wajibu wahandisi wenyewe.

Chukua tishu nyeupe ugusishe tone. Maji yatakauka na karatasi itarudi ilivyokuwa. Oili itabaki inang'aa, na kesho doa litakuwa kubwa kuliko leo. Kisha angalia lilidondoka lini. Kama mvua haijanyesha wiki mbili na paa ndiyo kwanza limefungwa, raba haina kesi ya kujibu.

Dhana: "Mpira umepasuka, badilisha mpira"

Wakati mwingine ni kweli, na CLK ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Mpira unaopeleka oili kwenye silinda ya mbele umepitishwa ndani ya fremu ya paa, kwa hiyo unapinda kila paa linapofunguliwa na kila linapofungwa. Plastiki yake inakauka na kuwa ngumu mwaka baada ya mwaka, mpaka siku moja, mara nyingi komeo likiwa linajifunga na presha iko juu kabisa, inaachia. Waliokaa mbele wanaogeshwa oili ya kijani, nguo na viti na dashibodi pamoja.

Lakini ukiuchukua mkasa huo wa CLK ukaupachika kila gari la paa la kukunja, utapotea. Kwenye R129, na kwenye magari mengi ya aina yake, mipira mara nyingi ni mizima. Zilizokufa ni sili, yaani pete za kuzuia oili isitoke, za ndani ya silinda. Silinda ya komeo ni kitu kidogo, unakishika kwa vidole viwili. Fundi akiifungua anatarajia kukuta pete laini ya plastiki imekumbatia fito ya chuma. Anakuta makombo ya rangi ya kahawia, yanabomoka yakiguswa na ncha ya bisibisi, au uji mzito kama gundi iliyoanza kukauka. Sili hizo zilitengenezwa kwa poliurethani ya wakati ule, na poliurethani ya aina hiyo ina adui wawili wanaosaidiana: unyevu na joto. Unyevu huikatakata plastiki kutoka ndani, joto huharakisha kazi. Oili ikiwa nzuri au mbaya, mwisho wake ni uleule, tofauti ni miaka tu.

Kinachowachanganya watu ni kwamba oili haikai pale ilipotokea. Inafuata fremu, inafuata waya, inazunguka kona na kudondoka mahali pengine kabisa, nusu mita kutoka kwenye kosa. Ndiyo maana kabla ya kununua chochote inabidi kusafisha kila kitu kikauke, kisha kufunga vipande vya tishu kwenye kila kiungo cha mpira na kwenye kila mdomo wa silinda ambapo fito inatokea, halafu kulizungusha paa mara moja tu. Tishu ya mdomoni ikilowa, ni sili. Ikilowa ya kwenye kiungo, ni oringi (pete ya raba) ya kiungo hicho au hakikukazwa vizuri. Zote mbili zikiwa kavu na mpira umelowa katikati ya safari yake, basi sasa unaweza kuulaumu mpira. Ni kazi ya saa nzima kwa mtu mvumilivu, na mafundi wengi hawaipendi kwa sababu mteja haoni kilichobadilishwa.

Dhana: "Gari langu limetembea kidogo, haliwezi kuvuja"

Odometa haihesabu miaka. Gari lililofungiwa bandani, likitolewa siku za harusi za jamaa, linazeeka sawa na linalotoka kila asubuhi, na pengine zaidi, kwa sababu sili isiyosogea huishikilia fito mahali pamoja na kuchukua umbo hilo moja kwa moja. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo R129 na CLK nyingi unazoziona Nairobi au Mombasa ziliingia zikiwa bado na nguvu, zikazeekea hukuhuku. Na kama uzee huo umepita pwani, iwe Mombasa, Dar es Salaam au Muscat, zimepata joto na unyevu kwa pamoja. Ndani ya gari lililoachwa juani vioo vikiwa vimefungwa, sehemu ya juu karibu na turubai ndiyo inayochemka kuliko zote, nako ndiko ziliko silinda za mbele.

Dhana: "Oili ni oili, weka yoyote"

Hapa sina utani. Katika yote yanayosemwa, hili ndilo linaloharibu mali.

Kuna familia mbili za oili ambazo hazipaswi kukutana kamwe. Ya kwanza ni oili za madini na sintetiki za haidroliki, nyepesi sana, zinazotumika kwenye mapaa haya. Ya pili ni oili ya breki, DOT 3 na DOT 4, ambayo msingi wake ni glaikoli. Kila familia ina raba zake. Raba iliyotengenezwa kwa ajili ya oili ya breki ikipata oili ya madini inavimba na kulegea. Sili za mfumo wa oili ya madini nazo zikimiminiwa oili ya breki zinaharibika, na kila tone linalovuja linachubua rangi ya gari.

Mkanganyiko huu una historia. Magari ya General Motors ya mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa 1950 yalitumia kweli oili ya breki kuendesha paa na hata vioo vya milango. Baadaye watengenezaji wa Marekani wakahamia oili ya gia otomatiki. Kwa hiyo mzee anayekuambia "sisi tulikuwa tunaweka ya breki" huenda hasemi uongo. Anasema habari za gari jingine. Kwa Mjerumani wa miaka ya 1990 ushauri huo ni sumu.

Oili ya injini nayo haifai. Ni nzito mno kwa mipira yenye tundu jembamba kiasi hiki, na asubuhi ya baridi pampu itahangaika. Magari mengi ya Kijerumani hutumia oili ya kijani ya daraja la CHF 11S kwenye usukani, na mengine hutumia jamaa zake kwenye paa, lakini hiyo nayo isiwe sababu ya kubahatisha. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye tanki la pampu. Kama mwenye gari wa kwanza alishaweka kitu kisichojulikana, mwaga yote, maana kuchanganya hakusafishi.

Dhana: "Tanki limeshuka, basi inavuja mahali"

Si lazima. Silinda ambayo fito yake imetoka nje inameza oili nyingi kuliko ambayo fito yake imeingia, kwa kuwa fito yenyewe inachukua nafasi ndani. Paa likiwa limefunguliwa, tanki linasoma hivi. Likifungwa, linasoma vingine. Kila gari lina mkao wake wa kupimia, umeandikwa kwenye kitabu. Aliyepima katika mkao usio wake akajaza hadi alama ya juu, paa likigeuka ziada inafurika ndani ya buti, na hapo ndipo anapopata "uvujaji" alioutengeneza mwenyewe.

Dhana: "Paa halisogei, pampu imekufa"

Pampu ndiyo spea ya bei kali, na ndiyo inayohukumiwa kwanza. Anza na betri. Endelea kwenye kizuizi cha mizigo ndani ya buti: magari mengi ya paa la kukunja yana pazia au ubao unaotenga nafasi ya paa, na swichi yake isipoguswa kompyuta inakataa kutoa amri. Baada ya hapo njoo swichi za ukomo zinazoiambia kompyuta kila kipande cha paa kiko wapi. Moja ikidanganya, yote yanasimama. Ukisikia pampu inavuma na paa halinyanyuki, hapo sasa fikiria oili. Kimya kabisa ni habari ya umeme.

BMW Z4 ya kwanza (E85, 2002 hadi 2008) inastahili kutajwa peke yake. Pampu yake imewekwa chini, upande wa kushoto, kwenye kisima ambacho maji ya turubai hupitia kwenda nje. Majani yakiziba tundu la kutolea maji, kisima kinajaa na mota inazama. Hakuna tone la oili lililopotea, hakuna mpira uliopasuka, na bado mwenye gari ataambiwa mfumo umevuja. Dawa yake ni kuzibua tundu kabla ya masika.

Dhana: "Endelea kuongeza oili, au tia dawa ya kuziba"

Dawa ya kuziba hufanya kazi kwa kuivimbisha raba. Sili iliyokwisha kuwa makombo haina cha kuvimba, ila dawa itazunguka mfumo mzima na kuzilegeza sili ambazo zilikuwa bado nzima. Kuongeza tu nako kuna mwisho wake: siku utakayosahau, pampu itavuta hewa, oili itageuka povu, na paa litasimama nusu angani katikati ya foleni. Oili iliyomwagika wakati huo wote iko kwenye zulia na kwenye wayaringi.

Dhana: "Silinda ikivuja ni ya kutupa"

Wauzaji wa spea mpya hawakosi sababu ya kulisema. Silinda nyingi hufunguliwa, hupigwa sili mpya na kurudi kazini. Marekani na Ujerumani kuna karakana zinazofanya kazi hiyo tu, unawatumia silinda kwa posta. Sili za leo ni za poliurethani iliyoboreshwa au za fluorokaboni, zinazostahimili joto vizuri zaidi. Kinachokataa kufufuka ni silinda ambayo fito yake imekwaruzwa au imeshika kutu, kwa sababu mkwaruzo utaichana sili mpya ndani ya muda mfupi. Silinda moja ikishavuja kwa uzee, zilizobaki zina umri uleule na oili ileile. Ukiweza, zitie zote sili mpya kwa mpigo mmoja.

Kwa mipira hali si rahisi kiasi hicho. Mafundi wa mipira ya matrekta na ekskaveta, wa Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, wana mashine ya kubana fitingi, lakini mipira ya paa mara nyingi ni myembamba kuliko saizi zao. Uliza kwanza kabla ya kukata ya zamani.

Dhana: "Pitisha kidole utafute tundu, na paa likikwama livute tu"

Usipitishe kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano inaweza kutoboa ngozi, na presha ya bar 7 hivi inatosha, wakati mifumo ya mapaa inafanya kazi juu ya hapo kwa mbali. Kidonda huonekana kidogo kama kimechomwa na mwiba, kumbe oili imeingia ndani na kidole kiko hatarini. Hiyo ni hospitali siku hiyohiyo, si kesho. Tafuta kwa kipande cha kadibodi.

Na paa lililokwama bado lina presha ndani. Pampu nyingi zina skrubu ya kuiachia, na utaratibu wa dharura umo kwenye kitabu, mara nyingi pamoja na ufunguo wake ndani ya buti. Ukivuta bila kuachia presha unapinda fremu. Ukiiachia huku hakuna kilichoishikilia, fremu yote inashuka kwa uzito wake, kwa hiyo watu wawe wawili, mmoja kila upande, na gogo la mbao liwe chini ya kifuniko kabla fundi hajachomoa pini ya silinda ya kwanza.