Mhubiri mwanafunzi akikosolewa, Roho hazimiki

Wiki hii nimeambiwa tena, na mzee wa kanisa ninayemheshimu sana: "Mwalimu, kijana ametoka madhabahuni sasa hivi, nawe unamkosoa. Unamzimisha Roho." Nafundisha mahubiri hapa Mbeya, na kauli hiyo imenichosha.

Mstari wenyewe, "Msimzimishe Roho," ni 1 Wathesalonike 5:19, na wanaoutaja huishia hapo hapo. Endelea hadi wa 21: "jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Wakorintho nao waliagizwa manabii wawili au watatu waseme, wengine wapambanue. Nabii apimwe, mwanachuo wa mwaka wa kwanza asipimwe? Ile "Msiwaguse masihi wangu" ya Zaburi 105:15, ambayo nayo hutajwa kumkinga mhubiri, inawahusu Ibrahimu, Isaka na Yakobo walipotangatanga ugenini, na walioonywa ni wafalme wasiwadhuru. Kijana aliyesoma somo moja akahubiri jingine hayumo.

Upako wake siugusi. Ninachosema ni kwamba alisoma Luka 15, akakaa kwenye sadaka hadi muda ukaisha, na mwana mpotevu tukamwacha kwa nguruwe.

Wanaopokea masahihisho vizuri nimewaona wana jambo moja: kuna kitu wanajifunza kwa kukipenda tu. Nina mwanachuo Mhehe kutoka Iringa anayejifunza Kinyakyusa. Hakuna aliyemtuma, ibada anazoongoza ni za Kiswahili. Kinyakyusa kina irabu saba, na masikio yake yamezoea tano, kwa hiyo irabu mbili humponyoka kila mara. Pale sokoni Tukuyu mama muuza ndizi humkatisha katikati ya neno, akalisema yeye, kijana akarudia, akakatishwa tena, wakacheka wote, kisha ndipo bei ikazungumzwa. Hanuni. Darasani nikimwambia hoja yake ya pili haitoki kwenye somo, hufungua Biblia na kuuliza, "Mstari upi ulinipotea, Mwalimu?"

Sisemi lugha humnyenyekeza mtu. Nawajua wenye lugha nne na kiburi kingi. Ila anayekipenda kitu hutamani kukipata sawasawa kuliko kuonekana anakijua, na mtu wa namna hiyo unaweza kumfundisha kuhubiri.

Kinachoninyima usingizi ni mahali pa kukosolea. Akila na Prisila walimsikia Apolo akihubiri katika sinagogi la Efeso, wakamchukua kwao ndipo wakamweleza. Sisi tunakosoana mbele ya darasa zima. Wenzake hufaidika, ni kweli, lakini binti mmoja alinyamaza muhula mzima baada ya zamu yake, na hadi leo sijui tulimjenga au tulimvunja.

Kwa sasa mhubiri huanza mwenyewe kusema alitaka tusikie nini. Wenzake husema walichosikia, mimi huwa wa mwisho. Sauti, mikono na macho nayapitia upesi. Hayo mazoezi huyanyoosha. Mengine mazito namwita ofisini. Maandiko yakipotoshwa tu ndiyo sisubiri, kwa sababu waliosikia ni darasa zima.