Chupa Tupu Ina Dawa Ndani Yake: Sayansi ya Kuipandisha Thamani Taka ya Plastiki

Ukimimina maji yanayochemka ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa, chupa hujikunyata papo hapo. Plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 70 hivi, mbali kabisa na joto la kuiyeyusha. Mwenye chupa huona imeharibika. Sisi tunaoifanyia plastiki utafiti tunaona jambo jingine: minyororo ya molekuli iliyokuwa imebanana sasa imeachia, na penye kuachia pana pa kupenya.

Igeuze chupa hiyo utazame kitako chake. Utakuta pembetatu yenye namba 1 ndani. Hiyo ni PET, plastiki iliyoungwa kwa viungo viwili tu, asidi ya tereftaliki na ethilini glikoli, vikipokezana mara nyingi. Kifundo kinachoviunganisha kina oksijeni, na hapo ndipo maji huweza kukikata yakipata msaidizi.

Msaidizi mmoja alipatikana Japani. Mwaka 2016 watafiti walitangaza bakteria waliyemwita Ideonella sakaiensis, kwa heshima ya mji wa Sakai alikopatikana, karibu na kiwanda cha kuchakata chupa. Bakteria huyu huila PET kama chakula kwa vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, lakini huila taratibu mno: utando mwembamba ulimchukua wiki sita kwenye nyuzi joto 30. Miaka minne baadaye, watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walichukua kimeng'enya kingine chenye asili ya mboji ya majani, wakakirekebisha kistahimili nyuzi joto 72, yaani joto lile lile linaloikunyata chupa. Ndani ya saa 10 kilikuwa kimevunja asilimia 90 ya PET iliyosagwa na kuandaliwa, na viungo vilivyopatikana vikatengeneza chupa mpya imara kama za mwanzo.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo na urejelezaji tuliouzoea. Ukiyeyusha plastiki na kuisubu upya, minyororo yake hukatikakatika ovyo, rangi hufifia, nguvu hupungua. Chupa hushuka ikawa kitu hafifu, kisha taka tena. Ukiivunja hadi viungo vyake, unaanza na malighafi safi, na hulazimiki hata kurudi kwenye chupa. Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kilionyesha hilo mwaka 2021: bakteria wa maabara aina ya E. koli, waliobadilishwa vinasaba, waliigeuza asidi ya tereftaliki kuwa vanilini, ile inayoipa vanila harufu na ladha yake. Mwaka 2025 timu ya chuo hicho hicho ikaonyesha njia ya kutoka PET hadi parasetamoli, kwa chini ya saa 24, bila joto kali. Mimi nimeshazoea habari za maabara, lakini hiyo niliisoma mara mbili. Parasetamoli hutengenezwa kwa malighafi itokanayo na mafuta ya petroli. Hapa chanzo kilikuwa chupa iliyotupwa. Bado ni kazi ya maabara, na kuifikisha kiwandani kunahitaji usafishaji wa hali ya juu na gharama inayobebeka.

Mifuko laini na madumu ni habari nyingine. Poliethilini, namba 2 na 4, haina kile kifundo chenye oksijeni. Ni kaboni kwa kaboni, mwanzo hadi mwisho, na vimeng'enya vya PET haviigusi. Lakini umbo lake linafanana sana na asidi za mafuta zinazotengeneza sabuni, ila mnyororo wake ni mrefu kupita kiasi. Mwaka 2023 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, waliutumia mfanano huo. Waliipasha plastiki joto ndani ya mtambo ulio moto chini na baridi juu, ili mvuke upoe na kuganda kabla minyororo haijakatika hadi kuwa gesi. Walipata nta, nta wakaigeuza asidi za mafuta, na asidi hizo zikawa sabuni.

Tafadhali, jambo hili lisimpe mtu yeyote wazo la kuchoma plastiki nyumbani. Mitambo hiyo imefungwa na joto lake linadhibitiwa. Moto wa wazi hauzalishi sabuni wala mafuta, huzalisha moshi wenye sumu. PVC, namba 3, ina klorini: ikichomwa hutoa gesi ya asidi inayounguza mapafu, na inaweza kutoa dioksini, kemikali zenye sumu kali. Klorini hiyo hiyo ndiyo sababu kipande kidogo cha PVC kikichanganyika na PET inayoyeyushwa huharibu shehena nzima, na ndiyo sababu tunasisitiza taka zitenganishwe tangu mwanzo.

Kuna taka ambazo mkono hauwezi kuzitenganisha. Shati lililofumwa kwa poliesta na pamba ni mfano. Poliesta ni PET ile ile, ila imevutwa kuwa uzi. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware, Marekani, walitia vitambaa vya mchanganyiko ndani ya kimiminika chenye kichocheo cha oksidi ya zinki, wakavipasha kwa mikrowevu dakika 15. Poliesta ilivunjika ikawa molekuli ndogo zinazoweza kutengeneza poliesta mpya. Pamba ilibaki, nyuzi zake zikiwa nzima.